Jicho Linapotangulia Mkono: Historia ya Kupima Gemu Kabla Haijatoka

Gemu ya mapambano na jasura hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni michoro, yaani kila kinachoonekana kwenye kioo hata pale picha inaposimama: nyuso, kuta, mwanga, maji. La pili ni uhuishaji, yaani jinsi vitu hivyo vinavyotembea, vinavyoruka, vinavyoanguka na kuinuka. La tatu ni mwitikio, yaani jinsi mchezo unavyomjibu aliyeshika pedi, na ni mambo mangapi katika ulimwengu ule yanakubali kuguswa naye. Mawili ya kwanza yanaweza kuonyeshwa kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa gemu yenyewe. La tatu haliwezi. Ugomvi karibu wote uliozuka kati ya watengenezaji na wateja kuhusu gemu zisizotoka bado unaanzia kwenye tofauti hiyo.

Tofauti ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa Adventure, kazi ya Warren Robinett, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa miongoni mwa gemu za kwanza za aina hii. Mashine yake, Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na kaseti ya mchezo ilibeba kilobaiti 4. Shujaa alikuwa mraba mdogo wa rangi moja. Majoka yake yalifanana na bata. Lakini mnunuzi aliyesimama dukani hakuuona mraba huo. Aliona boksi lenye mchoro wa brashi uliofanywa na msanii hodari. Alichokipata nyumbani kilimfurahisha kwa sababu nyingine kabisa: mraba ule uliweza kuokota upanga, kubeba funguo, kufungua ngome, hata kupita na daraja mkononi na kulitandika juu ya ukuta. Mchezo uliokuwa maskini wa michoro ulikuwa tajiri wa mwitikio, na boksi halikuwa na njia ya kulieleza hilo.

Kazi ya kumsaidia mnunuzi ilichukuliwa na magazeti. Uingereza ilipata Computer and Video Games mnamo Novemba 1981. Mwaka 1985 likaja Zzap!64, lililowahudumia wenye kompyuta za Commodore 64, na ndilo lililoonyesha wazi kwamba alama moja haitoshi: kila gemu ilipewa asilimia mbalimbali kwa michoro, sauti, jinsi inavyomnasa mchezaji siku ya kwanza, jinsi inavyodumu baada ya hapo, na thamani yake kwa bei. Kule Japani, Famitsu lililoanza mwaka 1986 lilipitisha gemu kwa wahakiki wanne, kila mmoja na alama zisizozidi 10, jumla 40. Mifumo hii ilikuwa mizuri kwa gemu iliyokamilika. Kwa gemu iliyokuwa bado njiani, gazeti lilikuwa na picha mnato tu, ambazo mara nyingi zilipigwa kwa kamera mbele ya televisheni katika chumba chenye giza. Picha mnato inaonyesha michoro. Mwendo haiuonyeshi, na mkono ndiyo kabisa.

Gemu iliyofichua udhaifu huo kuliko nyingine zote ni Prince of Persia, iliyotolewa na Broderbund mwaka 1989 kwa kompyuta ya Apple II. Jordan Mechner, aliyeitunga, alikuwa amemrekodi kwa video mdogo wake, David, akiwa amevaa nguo nyeupe, akikimbia, akiruka na kuparamia katika uwanja wa kuegesha magari. Kisha alifuatisha picha moja baada ya nyingine, akageuza kila hatua kuwa vidoto vya kompyuta. Kwa mapambano ya upanga aliazima mienendo ya waigizaji wa filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938. Ukiitazama picha moja ya mchezo ule, unaona mtu mdogo mweupe mbele ya ukuta wa matofali. Ukiutazama ukitembea, unaona mwili wenye uzito: mkimbiaji anavuta hatua kabla ya kushika kasi, na akitaka kusimama anateleza kidogo kwanza.

Uzito huo ulikuwa na gharama. Mwanamfalme hakuweza kugeuka kabla hajamaliza hatua aliyoianza, hivyo mchezaji aliyebonyeza kuchelewa alimwona akidondoka juu ya miiba. Mvutano huu haujaisha mpaka leo: kadiri mwendo unavyokuwa wa kweli zaidi, ndivyo amri ya kidole inavyosubiri zaidi. Mtengenezaji anaweza kuukata mwendo katikati ili mhusika atii papo hapo, na mwili ukaonekana kama kikaragosi. Au anaweza kuuacha umalizike, na mchezaji akajifunza kupanga mapema. Mechner alichagua la pili, na alikuwa na haki, kwa sababu vyumba vyote vya mchezo vilipimwa kwa hatua za mwili ule. Hata adui wake anayekumbukwa zaidi, kivuli cha mwanamfalme mwenyewe, alizaliwa kwa sababu kumbukumbu ya Apple II ilikuwa imejaa na haikubaki nafasi ya kuchora mtu mwingine. Picha zilezile zilitumika tena kwa kupinduliwa rangi. Mauzo ya mwanzo huko Marekani yalikuwa hafifu. Umaarufu ulikuja pale mchezo ulipohamishiwa mashine nyingine na watu wengi wakaushika.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mawili kwa pamoja: ulimwengu wa pande tatu, na jukwaa kubwa la kuutangazia. Maonyesho ya E3 yalianza Los Angeles mnamo Mei 1995. Mwaka uliofuata kampuni ya Core Design ya Derby, Uingereza, ikatoa Tomb Raider. Lara Croft, shujaa wake, alivutia macho, lakini kilichomfanya achezeke ni hesabu iliyofichwa chini ya miguu yake. Ardhi yote ya mchezo iligawanywa katika miraba inayolingana, na kila mruko wake ulikuwa na urefu unaojulikana. Mchezaji aliyesimama ukingoni alirudi nyuma kidogo, akakimbia, akashikilia kitufe cha kuruka, naye Lara akaruka kutoka ukingoni hasa. Akikosea, alijua kosa ni lake. Mwaka 1998 Nintendo ilijibu swali lililokuwa likiwatesa wengi, la kupigana na adui mmoja huku kamera ikizunguka hovyo: katika gemu yake ya Zelda, Ocarina of Time, kitufe kimoja kilimfunga mchezaji kwa adui wake, na kamera ikawatazama wote wawili. Famitsu liliipa gemu hiyo alama 40 kati ya 40, ya kwanza kufikia kiwango hicho.

Kipindi hicho ndicho pia kilichompa mteja wa kawaida nafasi ya kuhukumu kwa mkono wake kabla ya kulipa. Diski za CD zilikuwa rahisi kuzalisha, na magazeti ya PlayStation yakaanza kuuzwa pamoja na diski ya demo. Demo iliyozua gumzo kubwa zaidi ilikuja Machi 2001, ndani ya boksi la gemu nyingine ya Konami, Zone of the Enders. Ilikuwa sehemu ya Metal Gear Solid 2. Katika meli ya mafuta, usiku wa mvua, mchezaji aliweza kuingia kwenye chumba cha vinywaji na kuvunja chupa kwa risasi, kila moja ikipasuka pale ilipopigwa. Akiipindua ndoo ya barafu mezani, vipande vilidondoka na kuyeyuka taratibu mbele ya macho yake. Mambo hayo hayakuwa na faida yoyote katika kuumaliza mchezo. Yalikuwa ushahidi. Yalimthibitishia mchezaji kwamba michoro ile haikuwa pazia lililochorwa, bali vitu vinavyojibu.

Hata hivyo, demo hiyo na trela zilizotangulia zilificha jambo moja kubwa. Solid Snake, shujaa aliyeonyeshwa kila mahali, aliongozwa na mchezaji katika sura ya meli tu. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ya kijana mwingine, Raiden, ambaye mtunzi wa mchezo, Hideo Kojima, alimficha kwa makusudi hadi siku ya kutoka. Wengi walihisi wamedanganywa. Lakini katika yale matatu yanayopimwa hapa, demo ilisema kweli tupu: chupa zilipasuka vilevile, barafu ikayeyuka vilevile.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu hukumu ya macho ni cha Nintendo. Agosti 2000, katika maonyesho yake ya Space World huko Japani, kampuni hiyo ilionyesha uwezo wa mashine mpya ya GameCube kwa kipande kifupi cha Link, shujaa wa Zelda, akipigana upanga na adui wake Ganondorf. Ngao zilimeremeta, nyuso zilikuwa za watu wazima, na mashabiki wakaamini kwamba wameiona Zelda inayofuata. Mwaka mmoja baadaye, katika maonyesho hayohayo, ikaonyeshwa Zelda yenyewe. Link alikuwa mtoto mwenye kichwa kikubwa na macho mapana, amepakwa rangi bapa kama katuni. Hasira ilikuwa kubwa. Waliokasirika hawakuwa wameshika pedi. Walilinganisha video mbili.

Gemu hiyo, The Wind Waker, ilitoka Japani Desemba 2002 na Marekani Machi 2003, na hapo ndipo sababu ya macho yale mapana ilipoeleweka. Link akipita karibu na kitu chenye umuhimu, macho yake hukielekea, na mchezaji makini huyatumia kama kiashiria: ukimwona anatazama mwenge au ufa ukutani, kuna jambo pale. Uso uliochorwa kwa mistari michache uliweza kuonyesha woga, ukaidi na kuchoka kwa namna ambayo nyuso za kweli za mashine za wakati ule hazikuweza. Adui akifa, hupasuka katika wingu la moshi mweusi na wa zambarau linalojikunja kwa mafundo. Pigo la upanga linalompata adui hufuatana na mlio wa ala unaoingia sawasawa katika muziki unaosikika. Famitsu likatoa tena alama 40 kati ya 40. Mashabiki waliotaka mwonekano wa kweli waliridhishwa kwa gemu nyingine, Twilight Princess, iliyotangazwa kwa vifijo E3 mwaka 2004 na kutoka mwishoni mwa 2006. Leo, ukiziweka mbili hizo pamoja, iliyodharauliwa ndiyo inayoonekana haijazeeka. Rangi bapa na mistari safi hazikutegemea nguvu ya mashine ya mwaka ule, ndiyo maana zimevuka miaka.

Mwaka huohuo wa 2003 ulitoa mfano wa upande wa pili. Tomb Raider: The Angel of Darkness ilikuja na Lara aliyechorwa upya kwa ajili ya PlayStation 2, mwenye uso na nguo za kina zaidi kuliko wakati wowote. Picha za kabla zilipendeza. Ilipotoka Juni, baada ya kucheleweshwa mara kadhaa, wachezaji walikuta Lara mzito wa kutii, anayekwama kwenye kona, katika mchezo uliojaa hitilafu. Ile hesabu ya miraba iliyokuwa chini ya miguu yake haikuwepo tena, na hakikuwekwa cha kuaminika mahali pake. Core Design ilinyang'anywa mfululizo huo, ukapewa Crystal Dynamics ya California.

Afrika Mashariki ilizipokea gemu hizi kwa njia yake. Nchi zake zilitumia mfumo wa televisheni wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani na Marekani, na gemu nyingi za zamani zilizohamishwa bila uangalifu zilikwenda polepole kwa takriban asilimia 17 katika mfumo huo. Mtu angeweza kusoma sifa za wepesi wa mchezo, kisha akaukuta mzito nyumbani kwake. Kwenye vibanda vya gemu vya mijini, ambako kijana hulipia mechi au muda, hukumu ilikuwa ya mkono tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa hakuna anayelipa ili atazame ukuta mzuri. Na kutoka Nairobi, mwaka 2007, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu ya mwanamke anayetafuta hazina za kale, iliyofuata nyayo za Tomb Raider. Ilikuwa miongoni mwa gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa katika ukanda huu, na anayeipima kwa michoro tu, akiilinganisha na kazi za mamia ya wafanyakazi wa Ulaya, hajaipima kwa haki.

Televisheni za ubora wa juu ziliongeza kishawishi cha kuahidi zaidi. Katika E3 ya 2005 Sony ilionyesha filamu fupi ya Killzone kama mfano wa PlayStation 3; ilikuja kufahamika kwamba ilikuwa video iliyotengenezwa mapema kwa kompyuta, na gemu yenyewe ilitoka mwaka 2009. Mwaka 2012 kampuni ya Ubisoft ilifunga onyesho lake la E3 kwa gemu ya Watch Dogs. Mtaa wa Chicago ulilowa mvua, upepo uliinua makoti ya watu, moshi na taa za magari vilichanganyika. Ilipotoka Mei 2014, mvua ilikuwa nyepesi zaidi na mwanga umefifia. Wiki chache baadaye wachezaji wa kompyuta walichimba ndani ya mafaili yake na kukuta baadhi ya mipangilio ya mwanga iliyofanana na ya 2012 imelala humo, wakaiwasha. No Man's Sky, iliyotangazwa Desemba 2013 na kutoka Agosti 2016, ililalamikiwa kwa jambo zito zaidi, kwa sababu safari hii haikuwa rangi iliyopungua bali mwitikio: wateja walidai mienendo ya wanyama, vita na majengo walivyoonyeshwa havikuwemo. Mamlaka ya matangazo ya Uingereza ililichunguza dai hilo na mwishoni mwa mwaka ikaamua kwamba sheria hazikuvunjwa. Karibu wakati huohuo kampuni ya Valve iliwataka wauzaji katika duka lake la Steam kuweka picha za mchezo wenyewe, si michoro ya matangazo.

Uchunguzi nao ulikomaa. Digital Foundry, kikundi cha Uingereza kilichoanzishwa na Richard Leadbetter, kilijenga utaratibu wa kunasa video na kuhesabu fremu moja moja. Mchezo wa fremu 30 kwa sekunde huibadili picha kila baada ya milisekunde 33. Wa fremu 60 hufanya hivyo kwa takriban 17. Anayetazama trela kwenye simu haoni tofauti kubwa. Aliyeshika pedi huiona kila anapokwepa pigo. Kuanzia hapo swali la michoro liliweza kujibiwa kwa vipimo badala ya kelele, na faida yake ilionekana mwaka 2018. Kabla ya Marvel's Spider-Man kutoka mwezi Septemba, mashabiki waligundua kwamba dimbwi la maji lililokuwa pana katika video ya 2017 limepungua. Shutuma zikaenea kwamba gemu nzima imepunguzwa ubora. Insomniac, kampuni iliyoitengeneza, ilieleza kwamba ukubwa wa dimbwi ndio uliobadilishwa, basi. Na walioipima gemu iliyokamilika walikuta maeneo mengi yameboreshwa kuliko video ile. Watu walilikodolea macho dimbwi, huku jambo lililostahili kuulizwa, yaani jinsi kuning'inia kwenye utando katikati ya majengo kunavyotii kidole, halikupata hata robo ya mjadala.

Cyberpunk 2077 ilionyesha hatari ya kinyume chake. Mwaka 2018 ilitolewa video ya dakika 48 yenye maandishi kwamba kazi bado inaendelea. Ilipokaribia kutoka Desemba 2020, wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Wenye PlayStation 4 walikuta mchezo unaokwama na kuzima. Siku saba baada ya kutoka Sony iliuondoa dukani kwake, na haukurudi hadi Juni 2021.

Septemba 2022 umma uliona kitu ambacho hauonyeshwi kamwe. Video zipatazo 90 za Grand Theft Auto VI zilivuja zikiwa kazi ghafi, na baadhi ya watazamaji wakazikejeli, wakidai kwamba michoro ndiyo inayomalizwa kwanza. Watengenezaji wa kampuni nyingine wakajibu kwa kuweka hadharani picha zao za mwanzo, zikiwemo za Control, gemu iliyosifiwa sana kwa mwonekano wake mwaka 2019. Humo kulikuwa na maboksi ya kijivu na mihimili isiyo na rangi. Ndivyo kazi hii inavyokwenda: kwanza hujengwa jinsi mhusika anavyotembea, anavyogusa na anavyojibiwa, na ngozi ya mwanga na mawe huvikwa mwishoni. Matangazo huupindua mpangilio huo, yakianza kuonyesha kile kinachomaliziwa mwisho.

E3 ilitangazwa kufungwa moja kwa moja Desemba 2023. Kampuni kubwa sasa hutoa trela zao zenyewe kwa siku zinazozitaka. Watengenezaji wadogo wamekwenda njia nyingine: katika tamasha la Steam Next Fest huweka demo za mamia ya gemu zisizotoka bado, na mtu yeyote mwenye kompyuta huzicheza bure kwa siku kadhaa. Trela ya pili ya Grand Theft Auto VI ilitoka Mei 2025, na Rockstar, kampuni inayoitengeneza, ikaeleza kwamba ilirekodiwa yote kwenye PlayStation 5, nusu yake ikiwa sehemu za kuchezwa. Kwa michoro na uhuishaji, hiyo ilitosha kuhukumiwa. Kuhusu mwitikio haikutoa ushahidi wowote, maana hakuna aliyeweza kuonyesha ni sekunde zipi ndani yake zilizoongozwa na mkono wa mchezaji.